Siku Moja kwa Mkataba wa Bandari

Uridhiaji wa mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai uliharibika tarehe 5 Juni 2023, siku tano kabla wabunge hawajapiga kura. Siku hiyo Bunge liliwatangazia wananchi waje Dodoma kutoa maoni kesho yake. Kesho yake! Mkataba unagusa bandari za bahari na za maziwa, kwa hiyo wakala wa forodha wa Kigoma naye unamhusu. Alitakiwa aone tangazo, asome vifungu, apange hoja, apande basi na afike ukumbini, vyote ndani ya siku moja. Wala hakukuwa na dharura, maana saini zilitiwa tarehe 25 Oktoba 2022 na karatasi zikakaa siku 223. Kuupeleka bungeni kabla ya mikataba ya utekelezaji kulikuwa sahihi; kosa lilikuwa haraka.

Watetezi wanashika Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba: kuridhia ni kazi ya Bunge, na Mahakama Kuu kule Mbeya ilitupa shauri la kupinga mkataba. Sibishani na hukumu. Mahakama hupima kama sheria imevunjwa. Hapa tunapima kama kazi ilifanywa vizuri. Muswada ukipita na kasoro, Bunge hilohilo huurekebisha. Mkataba wa nchi mbili ukisharidhiwa, hata mkato hauondoki mpaka mwenzako akubali. Kifungu cha 23, kinachobana haki ya kujitoa, kilistahili kupekuliwa na watu wengi kabla ya kura. Moto wa kifungu hicho ukawaka zaidi baada ya kura ya 10 Juni. Wapo wanaosema mikataba ya utekelezaji ya Oktoba 2023 iliweka ukomo wa miaka 30, hivyo hofu imekwisha. Basi waliouliza kuhusu ukomo walikuwa na hoja, nao ndio walionyimwa muda.

Ugonjwa huu wa haraka nimeupigia kelele tangu sheria za madini za 2017 zilipopitishwa kwa hati ya dharura. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2016, Bunge hilohilo liliuchambua mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi (EPA) na Umoja wa Ulaya, likaishauri Serikali isitie saini. Na mwaka 1961 Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili iliyoachwa na Mwingereza itapitiwa kwa miaka 2, na isiyokubaliwa itakoma. Tanganyika changa, yenye wanasheria wazalendo wa kuhesabika, ilijipa miaka miwili.