Handaki si mfereji

Mvua zilipokaribia, kikundi chetu cha vijana hapa Kigwena kiliniomba niandike tangazo. Nikaandika: kila nyumba ichimbe handaki dogo, maji yasiingie ndani. Nililipenda neno lile, la kitabuni kidogo. Mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka Fizi akalisoma, akaniita pembeni.

"Mwanangu, hii haiko handaki. Handaki ni ya vita. Andika mfereji."

Mimi nikabisha. Nikamwambia neno limetoka kwa Waarabu, *khandaq*, nao wamelitoa kwa Waajemi, ambao kwao *kandan* ni kuchimba tu. Kiswahili kikageuza kh kuwa h, kama *khabari* ilivyokuwa habari, kikaongeza irabu mwishoni. Basi mama, handaki ni kitu kilichochimbwa. Bunduki iko wapi humo?

Leo naikosoa hoja yangu mwenyewe. Neno halikutufikia tupu. Ndugu zetu Waislamu wa Rumonge wanavijua Vita vya Handaki: mwaka 627 watu wa Madina walichimba handaki kaskazini mwa mji ili farasi wa adui wasipite, na wazo hilo, inasimuliwa, lilikuwa la Salman al-Farsi, mtu wa Uajemi. Kamusi zetu nazo zinalieleza kwa vita na askari. Kumbe mama alikuwa karibu na kamusi kuliko mimi.

Lakini hata kamusi nina neno nazo. Zinamweka askari ndani ya handaki, basi. Madina waliochimba ni wakazi, wakilinda nyumba zao. Na yule mama? Baadaye aliniambia alilala siku mbili na watoto wake katika handaki lililoachwa na askari, nyuma ya shamba lake la mihogo. Kamusi haimtaji mtu kama yeye, na mimi nilimwambia achimbe lingine mlangoni pake.

Asili ya neno ni nzuri kuijua, ila haimwamrishi msikilizaji asahau alikokutana nalo.

Tangazo nimeliandika upya: mfereji. Nanyi ndugu wa mashirika, mnaotuletea mabango yaliyokwisha kutafsiriwa, kabla ya kuyabandika msomeeni kwanza mtu atakayeshika jembe. Akiwaita pembeni, msibishe haraka kama mimi.