Akiba Iliyooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini katika mwaka 2009 ilianza huko Marekani tamasha ya televisheni iitwayo Hoarders, yaani Walimbikizaji, nayo yatuonyesha akiba iliyooza kweli. Ndani yake hamna waigizaji. Watu ni halisi na nyumba ni zao. Wamelimbikiza magazeti, makopo, nguo na vyombo vilivyovunjika hata kitanda hakilaliki na jikoni hapapikiki. Kisha huja mtaalamu wa maradhi ya akili pamoja na wachukuzi na wafagiaji, na mrundiko wa miaka mingi hutakiwa uondoke katika siku chache.

Kwa nini watu hupenda kuitazama? Sababu ya kwanza ni furaha ya macho: palipokuwa jaa, sakafu huonekana tena. Sababu ya pili hufichika: mtazamaji hujiona msafi. Hushangaa uchafu wa mwenziwe, akasahau sanduku lililo chini ya kitanda chake mwenyewe, lenye saa zisizokwenda na funguo zisizo na kufuli.

Hapa ndipo ninapoilaumu tamasha hii. Katika mwaka 2013 chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliuhesabu ulimbikizaji wa namna hii kuwa ugonjwa unaojitegemea. Mgonjwa huona uchungu wa kweli kutupa hata kipande cha karatasi. Nyumba yaweza kufagiliwa kwa siku mbili. Moyo haufagiliwi hivyo. Lakini kamera hupenda machozi na ugomvi, na kupona polepole hakuna cha kuonyesha.

Hata hivyo, haki itendeke. Sehemu zake bora ni zile ambazo mgonjwa huulizwa habari za kitu kimoja tu, naye akaanza kusimulia juu ya mzazi aliyefariki au mtoto aliyeondoka. Hapo takataka hugeuka kumbukumbu, na kicheko hukoma. Tunafahamu kwamba huyu si mvivu, wala hakuupenda uchafu; alishindwa kuagana.

Kabla hujafa hujaumbika. Basi, msomaji, ukiitazama tamasha hii, jipime mwishoni. Ukiinuka na dharau, umepoteza saa yako. Ukiinuka na huruma, umejiwekea akiba isiyooza.