Barua Iliyoishi Kesho

Mpwa wangu alinikabidhi barua yake ya maombi ya kazi ikiwa imekunjwa mara tatu, kama cheti cha hospitali. "Mjomba, nisomee kabla sijaituma." Nafasi ni ya karani wa ghala. Ana stashahada ya uhasibu, ana miaka 23, na hajawahi kuajiriwa. Niliisoma kama ninavyosoma shairi: umbo kwanza.

Umbo halina dosari. Anwani yake iko juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwajiri kushoto, S.L.P. mahali pake, kisha YAH: kwa herufi kubwa na mstari chini. (Angekuwa Kenya angeandika KUH: au MINT:, na mstari ungekuwa uleule.) Halafu inakuja sentensi tuliyoirithi sote: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kisarufi hiyo ni amri. Mtu atakayemaliza kwa "Wako mtiifu" anaanza kwa kumwamuru meneja! Tena haisemi lolote ambalo kichwa cha habari hakijasema. Ni kupiga hodi ukiwa umeshakaribishwa ndani.

Hayo ni madogo. Barua inaharibikia aya ya pili: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwadilifu na mwepesi wa kujifunza." Maneno yote manne yanataja mtu alivyo, na hakuna hata moja linalotaja alichofanya. Mchapakazi ana kitenzi tumboni mwake, kuchapa, lakini ndani ya barua hii hachapi kazi yoyote. Msomaji hana la kubisha wala la kuamini. Anapita tu.

Kisha: "Ingawa sina uzoefu wa kazi, nitajitahidi…" Hilo "ingawa" limeufungulia mlango upungufu wake, likaupa na kiti cha mbele. Baada yake zinafuatana nitajifunza, nitashirikiana, nitahakikisha. Nilihesabu barua nzima: nita- saba, nili- moja. Barua inaishi kesho. Lakini uzoefu, kwa sarufi yetu, unakaa kwenye -li-, -me- na -na-. Kwenye -ta- kuna ahadi tu, na ahadi kila mwombaji anazo.

Ile nili- moja ndiyo iliyonikalisha chini. Iko karibu na mwisho: "Pia nilikuwa nikimsaidia mama dukani." Inaanza na "pia", kama makombo ya meza. "Nilikuwa nikimsaidia" inafuta mwanzo na mwisho wa jambo, hujui ni mara ngapi wala miaka mingapi. "Kumsaidia" inaipokonya kazi mikono yake na kumpa mama. Na "dukani" ni mahali pasipo na bidhaa.

Duka hilo nalijua. Ni la dada yangu, Morogoro. Daftari la madeni linaandikwa na kijana huyu huyu, nami nina ushahidi kwa sababu jina langu limo. Ndiye anayehesabu kreti za soda, chupa tupu na zilizojaa. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukipimwa kilo kilo na hesabu ikapungua, ndiye anayeulizwa. Hiyo ni kazi ya karani wa ghala; ni ghala tu lililo dogo.

Tukaandika upya, tukaipandisha kazi ya duka hadi aya ya kwanza: "Tangu mwaka 2021 ninaandika daftari la duka la familia: bidhaa zilizoingia, zilizouzwa na zilizokopwa. Kila Jumamosi ninahesabu mali iliyopo na kuilinganisha na daftari. Hesabu zikipishana, natafuta kosa kabla duka halijafungwa." Mchapakazi akafutwa, na hakuna aliyeona pengo.

"Mjomba, si nitaonekana najisifu?"

Swali lake lina uzito, maana tumelelewa kuona haya kujitaja. Lakini tazama sentensi ipi ndiyo majivuno. "Mimi ni mwaminifu" ni sifa, na sifa mtu hupewa na wenzake. Hesabu ya Jumamosi ni habari tu. Adabu iko upande wa sentensi mpya. Dakika kumi baadaye yeye mwenyewe alitaka kujiita Meneja wa Duka, nikakataa. Meneja ni dada yangu, ameandikwa miongoni mwa wadhamini, na akipigiwa simu atasema hivyo bila kupepesa macho.

"Ingawa" likaondoka. "Wako mtiifu" likabaki, halina madhara. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" aligoma kabisa kuliacha, akidai barua ingeonekana uchi, nami nikachoka kubishana. Aliituma Jumatatu, ukurasa mmoja, ikiwa na nita- moja: nitakuwa tayari kwa usaili siku yoyote mtakayoniita.