Picha na Neno katika Kufundisha Insha ya Masimulizi

Katika ngano za Wahaya, msimulizi hufungua kwa kusema kwamba alikuja akaona, na wasikilizaji humwitikia wakimtaka aone ili nao wapate kuona. Peter Seitel alilifanya itikio hilo kuwa jina la kitabu chake cha ngano hizo, kilichochapishwa mwaka 1980. Maneno hayo machache yamebeba nadharia nzima ya usimulizi: msimulizi ni jicho, naye huwaazima wenzake jicho hilo. Mtoto wa Ihembe, huko Karagwe, aliyekua akisikia ngano za Kinyambo, lugha iliyo jirani sana na Kihaya, huingia darasani akiwa amekwisha kufunzwa kuona. Ajabu ni kwamba akipewa kalamu aandike insha ya masimulizi kwa Kiswahili, jicho hilo hufumba.

Insha nyingi za shule huenda hivi: niliamka, nikanawa, nikala, nikaondoka, nikafika. Kosa si la sarufi. Kiambishi -ka- ni mali kubwa ya msimulizi wa Kiswahili. Lakini kazi yake ni kuunga tendo na tendo lililolifuata, wala hakisemi ni lipi lenye uzito. Basi kunawa uso na kufiwa na baba hupewa mstari mmoja mmoja.

Hapa ndipo hadithi ya picha, isomwayo katika simu au kompyuta, inapodai nafasi yake darasani. Sanaa yenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru, Sani likafuata, na mwaka 2010 Shujaaz ikaanza Kenya, ikichapwa na kusikika redioni, kisha ikasomwa mitandaoni pia. Boyie, kijana wa Shujaaz, hana ajira, na kwa siri anaendesha redio chumbani mwake. Msomaji anamjua mtangazaji huyo. Watu wa mtaani hawamjui. Mwalimu anayetaka kueleza taharuki hahitaji mfano mrefu kupita huo.

Mchoraji hana nafasi ya kuchora kila kitu, yampasa achague. Mathalani, mwanafunzi ana kisa cha kijana aliyetumwa kupeleka kahawa kwenye mizani ya chama cha msingi, naye akapoteza fedha njiani. Akipewa visanduku sita tu, hana budi kujiuliza kisa chaanzia wapi: nyumbani alfajiri, au pale mkono unapoingia mfukoni ukakuta tundu? Yaliyoachwa baina ya kisanduku na kisanduku ndiyo mamlaka ya -ka-. Ndani ya kisanduku hutawala viambishi vingine: kijana amesimama, baiskeli imelazwa chini, mama ameketi mlangoni akichambua maharage. Hiyo -me- na hiyo -ki- ndizo zinazokosekana katika insha za shule, na picha huzidai bila mwalimu kupandisha sauti. Simu nayo, kwa udogo wa kioo chake, huonyesha kisanduku kimoja kwa wakati mmoja. Msomaji hawezi kuchungulia mwisho kama afanyavyo katika ukurasa wa gazeti.

Kuna faida nyingine, na pengine ndiyo kubwa zaidi. Kwa wanafunzi wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili. Insha ikiwa dhaifu, msahihishaji hajui kama mwandishi hana kisa au hana maneno. Visanduku humjulisha. Aliyechora vizuri na kuandika vibaya anahitaji msamiati, na kumwambia hana ubunifu ni kumdhulumu.

Hata hivyo wapenzi wa njia hii huisifu kupita kiasi. Hadithi nyingi za picha huendeshwa kwa mazungumzo, na Shujaaz ya Kenya huzungumza Sheng. Lugha hiyo yafaa kinywani mwa Boyie. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuandika maneno ya vinywa tu hujikuta hana sauti ya msimulizi, maana uso na mahali vimesemwa na mchoro. Tena picha haijui kukanusha. Yaweza kumchora baba akiwa amenyamaza. Haiwezi kusema kwamba baba hakuuliza habari za fedha siku ile wala siku yoyote baadaye. Haiwezi kutofautisha alichokusudia kijana na alichokifanya. Ngano ya mdomo yaweza hayo yote kwa sentensi moja, gizani, bila umeme.

Kwa hiyo zoezi linalostahili kupewa alama ni lile la pili. Visanduku sita vikiisha kusomwa na darasa zima, simu huzimwa, na mwanafunzi hukisimulia kisa kilekile upya kwa mwenzake wa darasa jingine ambaye hakuviona. Mwenzake huyo huchora alichokisoma. Michoro miwili ikiwekwa pamoja, baiskeli iliyokosekana katika mmoja wao huonyesha ni sentensi ipi haikuandikwa.