Mchanga Kwanza, Maji Baadaye

Zulia likichafuka mjini Unguja, jambo la kwanza kuulizwa ni sabuni. Swali hilo limebisha mlango wa jirani. Doa la mchuzi linaonekana na kila mgeni, na kwa hiyo hushughulikiwa mapema. Kinachoimaliza roho ya zulia kisiwani ni mchanga uliozama kwenye mizizi ya nyuzi, pamoja na chumvi iliyofuatana nao. Vyote viwili hutoka fukwe kama za Matemwe, kule kaskazini mashariki, vikaingia nyumba za Michenzani na Mji Mkongwe kwa nyayo, kandambili na mikeka ya matembezini. Fundi anayevijua huianza kazi pakavu na kuimaliza pakavu. Maji na sabuni huja katikati, tena kwa kipimo.

Mchanga wa Matemwe ni mweupe kwa sababu ni matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa vilivyosagwa na mawimbi. Atakayesema kuwa mchanga huo ni laini mno kudhuru kitu ana hoja kidogo: katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kwatzi iliyojaa katika michanga mingi ya bara ina 7, na chokaa ya matumbawe ina kati ya 3 na 4. Lakini ukucha wa binadamu una 2.5 tu, na sufu ni protini ya jamii moja na ukucha. Punje bado inaushinda uzi, na kila hatua ya anayepita sebuleni ni tupa ndogo inayoukereza kutoka chini, mahali ambapo ufagio haufiki. Ukilimwagia maji zulia la namna hiyo, mchanga unalowa, unakuwa mzito na kuzidi kung'ang'ania kitako. Ndiyo maana kazi iliyofanywa sawasawa huanza kwa kulilaza zulia kifudifudi juu ya fito, kulipiga mgongoni mpaka lisidondoshe kitu, kisha kulipitishia mashine ya kufyonza vumbi pande zote mbili. Hatua hii haina povu wala harufu nzuri, na mteja huiona kama maandalizi tu. Kwa kweli ni nusu ya kazi.

Chumvi ina hila nyingine. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuunywa mpaka ikayeyuka yenyewe, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Unguja huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Zulia lililosuuzwa kwa maji ya kisima cha pwani, yaliyochanganyika na bahari, linaweza kukauka mchana na kulowa tena usiku bila kuguswa na tone. Hapo ndipo uvundo, koga na utitiri hupata makazi. Hata maji ya kisima yasiyo na chumvi hupita kwenye mwamba wa chokaa, na chokaa ikikutana na sabuni ya mche hufanya utandu unaonata kwenye nyuzi na kukamata vumbi jipya. Kwa hiyo sabuni iwe kidogo, maji ya kusuuza yawe baridi yasiyo na chumvi, na kila kilichoingia kitoke. Zulia la mita 2 kwa 3 likishika lita 3 tu kwa kila mita ya mraba, limebeba kilo 18 za maji. Hizo zifyonzwe kwa mashine au zikamuliwe kwa kigogo kabla ya kuanika. Kiganja pekee hakitoshi kupima ukavu, kwani sufu inaweza kuficha maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake isionekane imelowa. Mizani husema kweli zaidi: zulia lipimwe likishakung'utwa, lipimwe tena baada ya kuanikwa.

Wapo watakaosema kuwa mabibi zetu walitumia maji mengi na jua, na mikeka yao ilidumu. Hawakukosea, kwa sababu mkeka wa ukindu ni mwembamba, upepo unapita na mchanga unadondoka wenyewe. Wala makumbi yanayofukiwa pwani ya mashariki kwa miezi kabla ya kusokotwa kamba hayaogopi chumvi. Lakini zulia la kiwandani aghalabu lina mgongo uliogandishwa kwa gundi. Likiloweshwa kutwa, matabaka huachana. Lililofumwa kwa mkono halina gundi, lakini rangi yake inaweza kuchuja, hivyo kona yake hukandamizwa kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Jua nalo husaidia, ila likizidi hupausha rangi. Upepo wa kivulini, zulia likiwa juu ya fito, hufanya kazi bila kudai malipo hayo.

Pingamizi zito zaidi ni la tohara: mtoto akikojoa juu ya zulia, kupiga vumbi hakulitoharishi. Ni kweli, na utaratibu huu haukatazi maji. Fiqhi ya Shafii inayofuatwa sana Zanzibar inataka ayni ya najisi, yaani najisi yenyewe, iondolewe kwanza, ndipo maji yamiminwe mahali hapo. Na maji yasiyofikia kulateni, kipimo cha maji mengi katika fiqhi hiyo, hunajisika kitu chenye najisi kikitumbukizwa ndani yake. Kumimina na kufyonza kunakaribia sharti hilo kuliko kuloweka zulia zima katika beseni moja.

Basi anayemkabidhi fundi zulia lake wakati wa masika aache kuuliza chapa ya sabuni. Aulize litapigwa wapi kabla halijaloweshwa, litasuuzwa kwa maji ya kisima gani, na usiku mvua ikinyesha litalala wapi.