Usisome Pete

Sigaa yangu ya kwanza niliisifu kabla sijaionja. Nasema sigaa, si sigara ya kununua moja moja kwa kibanda: ile nene ya kahawia, majani matupu bila karatasi. Tulikuwa kwa harusi ya bosi, Karen, na pete ya karatasi iliyoizunguka iliandikwa Cohiba. Nilikuwa nimesoma kwamba Cohiba ilianza Cuba mwaka wa 1966, ikikunjiwa Fidel Castro na wageni wake, na umma haukuuziwa hadi 1982. Basi nikavuta, nikakohoa, nikatangaza kwamba nasikia ngozi na kakao. Uongo mtupu. Nilichosikia ni ulimi kuungua. Nikaweka nyingine mfukoni.

Shida ya wanaoandika kuhusu sigaa ni hiyo: wanakupa maneno kabla ya ulimi. Mwerezi, tandiko la farasi. Nani hapa amewahi kulamba tandiko?

Ile ya mfukoni nilimwonyesha shosho, mtu wa ugoro tangu zamani. Pete hakuiangalia hata. Aliifinya polepole toka mwisho hadi mwisho, akanusa. "Mjukuu, hapa katikati hakuna kitu. Aliyekunja hii alikuwa na haraka." Nikaenda kuiwasha nje. Ilipofika pale pale ikaungua upande mmoja, ikawa moto na chungu. Nikaipasua: vipande vidogo kama majani ya chai. Cohiba ya kweli hukunjwa kwa majani marefu yanayopita toka mwisho hadi mwisho. Yangu ilikuwa feki, na mimi ndiye niliyekuwa nimeisikia kakao.

Sasa nafinya kwanza. Navuta kabla ya kuwasha. Hewa ikikataa kupita, naiacha. Moshi haushuki kifuani, na navuta mara moja kwa dakika hivi, kwa sababu sigaa ikiharakishwa inakuwa chungu hata kama ni ya bei gani. (Saratani inaleta, hilo sibishani.)

Niliyoipenda kwa haki ni Hemingway ya Arturo Fuente. Inakunjwa Jamhuri ya Dominika lakini jani la nje ni la Kameruni. Inaanza na pilipili manga, halafu njugu zilizokaangwa zikakaribia kuungua, na utamu mdogo unaobaki kwenye mdomo. Mwisho wake unakuja mapema mno, hiyo ndiyo lawama yangu pekee.

Shosho aliinusa hiyo pia, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama inaweza kusagwa.