Kinachobaki Ndani ya Shuka

Shuka jeupe la kitani hutolewa sandukuni siku mbili kabla ya harusi, likakunjuliwa, na mabaka ya rangi ya chai yakaonekana pale lilipokunjwa. Liliwekwa jeupe, halikuguswa na mtu. Lawama huangukia sanduku, unyevu au mende. Mimi huuliza kwanza lilisuuzwa mara ngapi. Kitani na pamba ni selulosi, na selulosi iliyo safi ina umri mrefu: vitambaa vya kitani walivyoviringishiwa wafu wa Misri ya kale vipo hadi leo, baada ya miaka zaidi ya 3,000. Kinachogeuka rangi ndani ya mwaka mmoja ni vitu vilivyosalia katikati ya nyuzi: mafuta ya mwili, sabuni, sukari, wanga, chembe za kutu. Mafuta huchacha kabatini sawasawa na yanavyochacha jikoni, na yakichacha hugeuka manjano, kisha kahawia.

Tuanze na sabuni yenyewe. Sabuni ya mche ni mafuta yaliyopikwa na kostiki. Ikikutana na maji yenye kalsiamu, povu hufa na mahali pake hutokea utando wa kijivu unaonata, usioyeyuka. Visima vingi vya Unguja na Mombasa vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa, kwa hiyo maji yake hubeba kalsiamu tele. Mtu hufua kwa bidii, akaongeza sabuni kwa kuwa haitoi povu, na kila anavyoongeza ndivyo utando unavyozidi kujipachika kwenye nguo. Shuka linafifia polepole, linakuwa kavukavu mkononi. Maji ya mvua yaliyokingwa paani na kuhifadhiwa birikani hayakupita kwenye chokaa, na kwa nguo nyeupe hayana mfano.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Maji ya mvua yakiwa machache, huwekwa akiba kwa suuza ya mwisho, eti ndiyo inayong'arisha. Lakini utando hujengeka pale sabuni ingali nyingi kwenye nguo, yaani wakati wa kufua na katika suuza ya kwanza. Maji laini yaende huko. Suuza ya tatu na ya nne zinaweza kustahimili maji ya kisima, maana sabuni imekwisha kutoka. Aliyelazimika kufulia maji ya chumvi atafute sabuni ya mafuta ya nazi. Hiyo hutoa povu hata baharini, ambako sabuni nyingine hugandamana.

Wafuaji wa Haarlem, Uholanzi, walilijua tatizo la masalio mapema kuliko wanakemia. Katika karne ya 17 kitani cha sehemu mbalimbali za Ulaya kilipelekwa kwao king'arishwe, na mchoraji Jacob van Ruisdael aliichora mikanda ile mirefu myeupe ikiwa imetandazwa kwenye majani nje ya mji. Walikiloweka kitani katika maji ya majivu, wakakianika juani wakikinyunyizia maji, wakarudia tena na tena, kisha wakakitia katika maziwa ya mtindi. Majivu ni alkali, mtindi ni asidi. Asidi iliua alkali iliyobaki na kuondoa madini yaliyong'ang'ania. Mwaka 1756 daktari wa Scotland, Francis Home, alichapisha majaribio yake ya kutumia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa sana badala ya mtindi, na hatua iliyokuwa ikichukua wiki ikawa ya saa tu. Nyumbani, kijiko cha siki katika ndoo ya suuza kinafanya kazi hiyohiyo kwa upole. Ila nayo lazima isuuzwe itoke. Asidi ikiachwa kwenye nguo na pasi ya moto ikapita juu yake, hukata minyororo ya selulosi, na shuka litachanika siku moja bila kuvutwa.

Bluu ya kufulia haiondoi uchafu hata chembe. Ni unga wa rangi ya samawati unaofunika umanjano. Jicho hupokea rangi hizo mbili pamoja likaona weupe. Rangi hiyo zamani ilisagwa kutoka katika jiwe la thamani la Afghanistan, hadi Jean-Baptiste Guimet wa Ufaransa na Christian Gmelin wa Ujerumani walipopata namna ya kuitengeneza, miaka ya 1820. Ndipo ikawa rahisi hata ya kufulia. Unga huo hauyeyuki, huelea tu, kwa hiyo hufungwa kwenye kifuko cha kitambaa, maji yakakorogwa kila mara, na shuka likaingizwa likiwa limekunjuliwa na limelowa. Ukiliingiza kavu au limejikunja, bluu hutua kwenye mikunjo ikaacha michirizi. Asidi huiharibu, basi siki na bluu zisikutane katika ndoo moja.

Jiki naiogopa kwa nguo za akiba. Klorini hula rangi ya doa, kisha ikaendelea kula uzi wenyewe. Na si kila doa linaihitaji. Chukua doa la mchuzi wa manjano kwenye kitambaa cha meza. Ukilipaka sabuni, linageuka jekundu kama damu, na hapo ndipo watu hukimbilia chupa ya jiki. Wekundu ule ni manjano iliyokutana na alkali, basi. Fua, suuza vizuri, anika juani kikiwa bado na maji. Rangi ya manjano haistahimili mwanga, na doa lililotisha asubuhi aghalabu limefifia kufikia jioni. Kutu ni kinyume chake: jiki huizidishia nguvu, ilhali ndimu na chumvi hukikamata chuma na kukitoa. Doa la maji ya dafu halionekani likiwa bichi, na huo ndio ubaya wake. Lioshwe palepale kwa maji baridi, kabla halijakauka likawa kahawia.

Jua lenyewe ni dawa mradi nguo iwe mbichi. Kitani na pamba huongezeka nguvu zinapolowa, lakini maji ni mazito, na shuka kuukuu likiinuliwa kwa ncha moja linaweza kupasuka kwa uzito wake. Libebwe lote mikononi, au kwenye taulo. Vitambaa vya kroshia vilazwe na kubanwa kwa pini zisizopata kutu, vikae umbo lake vikikauka. Kitani kipigwe pasi kingali na unyevu, upande wa ndani, na palipodariziwa palale juu ya taulo nene ili nakshi isibonyee. Baada ya pasi kiachwe hewani saa kadhaa. Mvuke hubaki ndani hata pale mkono unapohisi ukavu, na mvuke huo ukifungiwa sandukuni huzaa ukungu.

Wanga wa muhogo hupendeza mezani na una faida ya kweli: uchafu hukaa juu yake, ukatoka nao katika maji ya kufua. Sandukuni ni chakula cha mende, na mkunjo mkavu wenye wanga huvunja nyuzi. Nguo ya akiba ya muda mrefu iwekwe bila wanga na bila pasi. Hayo yafanyike siku ya kuitumia. Udi nao vivyo hivyo. Moshi wake una mafuta yanayotua kwenye kitambaa, kwa hiyo fukiza usiku wa kuamkia shughuli. Dawa ya nondo haina kazi kwenye pamba na kitani, kwani viluwiluwi vya nondo hula sufu na hariri.

Mbao za sanduku hutoa mvuke wenye asidi, hata zile nzuri za msaji. Ndani patandikwe shuka kuukuu la pamba nyeupe. Kaniki iachwe, inaweza kuchuja rangi. Shuka jeupe tu, lililofuliwa bila bluu, na lifuliwe tena kila mwaka kwa kuwa ndilo linalonyonya mvuke huo. Mwambao unyevu ni mwingi karibu mwaka mzima, hivyo siku ya jua na upepo mkavu sanduku lifunguliwe, nguo zitolewe zipate hewa kivulini, kisha zikunjwe upya pasipokunjwa mara iliyopita. Kitambaa chembamba cha mkono kiviringishwe kwenye bomba la kadibodi lililozungushiwa pamba safi, nakshi zikitazama nje.